Uhamisho Kuelekea Wekundu

4 Machi

Mvua imeanza na vitabu vipya vimefika, vyote leo. Walimu, watu wazima, tumebeba maboksi mgongoni kutoka getini, kwa sababu dereva wa lori amekataa kuingia kwenye tope. Langu ni boksi la fizikia. Sura ya tisa inaitwa "Uhamisho", na ni ya galaksi. Mada hii nimeifundisha kwa chaki na mdomo mtupu tangu nianze kazi, na leo ipo kwenye kitabu, kwa Kiswahili, tena na picha. Nimeitia nakala yangu mkobani kama mtu aliyeiba. Nitakisoma kesho kwa utulivu.

5 Machi

Nimekisoma. Utulivu umeniisha.

Ukurasa mzima ni picha ya galaksi, na galaksi yenyewe imegawanywa katikati: nusu nyekundu, nusu samawati, kama jezi ya timu. Chini yake wameandika: "Upande unaotukaribia ni wa samawati na upande unaotuacha ni mwekundu. Badiliko hili la rangi huitwa uhamisho."

Nani kawaambia? Mwanga wa nyota ukiupitisha kwenye kioo cha pembetatu unatawanyika ukawa ukanda wa rangi, na ndani ya ukanda huo mna mistari, kila mmoja na mahali pake. Kitu kikija kwetu, mistari inasogea kuelekea samawati. Kikituacha, inasogea kuelekea wekundu. Inasogea tu. Mstari mwekundu wa hidrojeni unabaki mwekundu upande huu wa galaksi na unabaki mwekundu upande ule, maana kusogea kwenyewe hakufiki hata sehemu moja ya elfu. Ungesimama mbele ya galaksi siku nzima na macho yako mawili usione badiliko lolote. Na utamu wote uko hapo, kwamba kwa kusogea kudogo namna hiyo watu walijua galaksi inazunguka, wakapima kasi yake, wakakuta nyota za pembeni kabisa zinakimbia kuliko inavyostahili, kana kwamba kuna kitu kizito kisichoonekana kinazishika zisitawanyike. Wao wameutupa utamu wote wakachukua brashi ya rangi.

Nimemsomea mume wangu ukurasa huo. Yeye ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele, na msimu huu amezama kwenye sare za shule. Amesikiliza akiwa na pini mdomoni.

"Kwani galaksi imekuja kukulalamikia?" akaniuliza.

Mama amecheka huko kitandani kwake. Tangu avunjike nyonga tunaishi naye. Asubuhi namnyanyua, namwogesha, namkalisha dirishani, ndipo naenda shule. Kazi hiyo ni yangu peke yangu, maana mkwe hawezi kumwogesha mkwe, na mama hataki mtu wa kuajiriwa amguse.

8 Machi

Maabara inavuja. Nimehamisha darubini nikaweka ndoo.

11 Machi

Nimewafundisha Darasa la Mtihani kwa njia yangu. Nimechukua kwa mume wangu kipande cha mpira ule anaoutia kwenye viuno vya sketi, nikakichora mistari ya wino, nikawaambia wavute. Mistari yote ikasogea, na hakuna mstari uliogeuka rangi. Wakaelewa.

Kisha tukaenda ukumbini, kwa kuwa uwanja ni ziwa. Wakashikana mikono wakazunguka duara kubwa, mmoja mmoja akaja kusimama mlangoni kutazama. Wa kushoto wanamjia, wa kulia wanamwacha, wa katikati wanapita tu mbele yake hawamjii wala hawamwachi. Yule binti tunayemwita Mbishi, ambaye hajawahi kukubali jambo bila kulizungusha kwanza, akauliza mlangoni:

"Mwalimu, na kama galaksi nzima inakwenda zake?"

"Unasemaje?"

"Kama yote inatuacha, huku inazunguka. Basi pande zote mbili mistari inaelekea wekundu, ila upande mmoja umezidi."

Ndivyo hasa, na ndivyo galaksi nyingi zilivyo. Kwa hiyo picha ya kitabu ni uongo mara mbili. Nilitamani kumkumbatia yule mtoto na kumchapa mwandishi.

14 Machi

Nimeandika barua kwenda ofisi ya elimu. Nimeinakili hapa, isije mtu akasema sikusema.

"Kuhusu: UHAMISHO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naomba uhamisho, kama ulivyoelezwa katika sura ya tisa, urekebishwe haraka iwezekanavyo. Kitu kinapotuacha, uhamisho sahihi ni wa mistari kuelekea wekundu, wala si kupakwa rangi. Hali ilivyo sasa siwezi kuivumilia. Kwa ajili ya wanafunzi, naomba msikawie."

Fupi, yenye adabu, yenye meno. Nimempelekea Mkuu wa shule aipitishe. Mkuu ni mwalimu wa historia, mtu wa utani, kila asubuhi ananiita Bi Nyota na kuniuliza huko juu wameamkaje. Alikuwa na wageni, nikaiacha mezani kwake.

15 Machi

Mvua.

20 Machi

Mkuu hajaniita Bi Nyota wiki hii. Leo kaniita "Mwalimu", kavu, kama mkaguzi. Nikamuuliza barua imekwenda? "Imekwenda," akasema, "kama ulivyotaka." Akafungua faili ambalo lilikuwa tayari limefunguka.

27 Machi

Sasa nimeelewa kinachomsumbua. Siku vitabu vilipofika alipigwa picha navyo, ameshika kimoja kifuani kama kombe, na picha hiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kwa hiyo kitabu kikiwa na kosa, na yeye ameaibika. Basi ananiadhibu. Klabu yangu ya sayansi kampa mwalimu wa kilimo. Ratiba ya muhula ujao imebandikwa leo na jina langu halimo. Nikamuuliza mwandika ratiba, akaangalia viatu vyake.

Yaani mtu niliyekula naye meza moja miaka yote hii, niliyekaa naye msibani kwake mke wake alipofariki, ananiondoa kwenye ratiba kwa ajili ya picha iliyopakwa rangi. Nimerudi nyumbani nikamwaga hasira zote kwenye sufuria. Mume wangu akaja jikoni akaniambia sufuria haijaandika kitabu chochote.

3 Aprili

Ukuta wa choo cha wavulana umeanguka. Hakuna aliyeumia. Mkuu kapita mbele yangu na mwavuli wake, hakunikaribisha chini yake.

9 Aprili

Nimehamishwa.

Bahasha imefika saa ya mapumziko. "Kufuatia maombi yako, ofisi inayo furaha kukujulisha kuwa umekubaliwa uhamisho kwenda shule ya Wekundu. Utaripoti mwanzo wa muhula ujao." Wekundu ni shule ile ya mbali, mwisho wa barabara, wanaiita hivyo kwa sababu ya udongo wake. Kutoka hapa ni safari ya siku nzima, na mvua ikinyesha hata hiyo safari haipo. Nani atamnyanyua mama yangu asubuhi? Nani atamwogesha?

Nimeingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi.

"Umefurahi sasa?" nikamwambia.

"Mimi?" Akavua miwani. "Wewe ndiye uliyefurahi. Hongera."

"Hongera ya nini?"

"Umepata ulichoomba. Mimi sikukuzuia, niliandika inapendekezwa. Ungeniambia kwa mdomo tu, Bi Nyota. Kwamba umenichoka, umeichoka shule, unaondoka. Unaniachia barua mezani kama mtu anayelipia bili ya maji."

Nikamtazama. Alikuwa na macho mekundu, jamani, yule mzee.

"Mkuu," nikasema polepole, "ile barua ilikuwa ya kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha fizikia. Sura ya tisa. Uhamisho wa mistari ya mwanga."

Akavuta faili, akatoa nakala, akaisoma kwa mara ya kwanza maishani mwake, midomo ikitembea. Pembeni niliona mwandiko wake: "Inapendekezwa. Shule itaumia."

"Hukuisoma?" nikauliza.

"Nilisoma kichwa."

"Kichwa tu?"

"Kiliniuma cha kutosha."

Nilitaka kumrushia kitu. Nilitaka pia kucheka. Wiki zote hizi mimi nimemwona mwoga na mwenye kisasi, yeye kaniona mtoro asiye na shukrani, na tulikuwa tunapishana mlangoni kila siku. Tungeulizana swali moja. Lakini hapana, kila mmoja kanuna kwake, na sasa mimi naenda Wekundu.

11 Aprili

Ofisi ya elimu. Nimefika nimelowa hadi magotini. Kwenye benchi nikakaa na walimu wengine, wote wanatafuta uhamisho, wote wamezungushwa miaka. Nilipowaambia mimi nimepewa bila kuomba walinitazama kama mwendawazimu. Mmoja akaniuliza niliandika nini hasa, ili naye aandike hivyohivyo.

Karani wa uhamisho ni kijana nadhifu, mpole. Upole wake ndio ulionimaliza.

"Karibu, mama. Tulikushughulikia haraka, sivyo?"

"Sikuomba uhamisho."

Akatoa barua yangu. Alikuwa ameipigia mistari kwa wino wa kijani. Akanisomea, kidole kikifuata: "'Naomba uhamisho.' Ni wewe huyu? 'Haraka iwezekanavyo.' 'Hali ilivyo sasa siwezi kuivumilia.' 'Msikawie.' Mama, barua hii ilitugusa hapa ofisini. Na mahali pia ulipataja. 'Kuelekea wekundu.' Shule ya Wekundu tunayo moja tu."

"Ni mistari inayoelekea wekundu, mwanangu. Ya mwanga. Wa galaksi."

"Hilo la mistari hatukulielewa. Tukajua ni uchungu."

Nikamwomba nimwone mkubwa wake. Afisa ni mama wa makamo, anaongea huku anapanga vitu mezani. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa. Akacheka kidogo akasema makosa ni ya binadamu.

"Ni rahisi," akasema. "Uhamisho umetokana na barua. Unaandika hapa kwamba unaiondoa barua yako yote, unaweka sahihi, na uhamisho unakufa. Unabaki kwenu, unamuuguza mama."

"Na hoja ya kitabu?"

"Hoja ipi?"

"Iliyomo kwenye barua."

"Barua ni moja, mama. Ukiiondoa imeondoka na vyote vilivyomo. Na kusema kweli kitabu kile hakuna mwalimu mwingine aliyekilalamikia. Kimesifiwa sana, hasa picha."

"Basi niiondoe hii, kesho nilete nyingine ya kitabu tu."

Hapo akaacha kupanga vitu. "Ukituandikia tena," akasema, "sisi tutajua kweli huna raha pale ulipo. Na nafasi ya Wekundu bado iko wazi, hakuna anayeitaka. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Ningekuwa mjinga ningelala vizuri zaidi usiku wa leo. Alinipa karatasi niende nayo nikafikirie.

12 Aprili

Tumeongea jikoni, mimi na mume wangu, kwa sauti ya chini ili mama asisikie. Kasema weka sahihi, mke wangu, galaksi zitazunguka tu hata kitabu kikikosea. Nikamwambia sipiganii galaksi. Galaksi haijui kusoma. Napigania watoto wanaokwenda kupewa uongo uliochapwa vizuri, wakauamini kwa sababu umechapwa. Kasema ni kweli, na mama je?

Nimerudi ofisi ya elimu nikaweka sahihi. "Naiondoa barua yangu yote." Afisa akanishika mkono kwa mikono miwili. Karani kanitakia kazi njema.

Najichukia kwa namna ambayo sijawahi kujichukia.

15 Aprili

Mkuu kaniita Bi Nyota. Nimeitika, basi.

18 Aprili

Mtihani wa pamoja unakaribia. Hutungwa kwa kufuata kitabu, na husahihishwa shule nyingine na watu wenye jibu lililotoka kwenye kitabu. Leo nimesimama mbele ya Darasa la Mtihani nikasema maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasema: "Mnajua ukweli. Lakini mkiulizwa, andikeni kama kitabu kinavyosema. Alama ni alama."

Hakuna aliyebisha. Hata Mbishi kafunga tu daftari lake taratibu. Angenibishia ningepumua.

25 Aprili

Mvua imechoka sasa, inanyesha kwa mazoea tu. Mama hanisemeshi ninapomwogesha. Nadhani ni baridi.

6 Mei

Wamefanya mtihani wa fizikia. Nimesubiri chini ya baraza hadi wametoka, nikaomba karatasi ya maswali. Swali la tisa: "Eleza kwa nini upande mmoja wa galaksi inayozunguka ni mwekundu na upande mwingine ni wa samawati." Alama nyingi kuliko swali lolote jingine.

Unaulizwa kwa nini jambo ambalo si kweli ni kweli. Nimesoma mara tatu. Nilitegemea uongo uwe kwenye jibu, kumbe wameuingiza kwenye swali.

Nikamwita Mbishi. "La tisa umeandikaje?"

"Nimeandika si kweli."

"Nini?"

"Nimeandika hakuna upande mwekundu wala wa samawati. Kisha nikaeleza mistari."

"Si niliwaambia muandike kama kitabu?"

"Ulituambia."

"Sasa utapata sifuri, mwanangu. Unajua?"

"Najua. Tumekubaliana darasa zima." Akanitazama usoni, bila jeuri yoyote, na hapo ndipo aliponikata maini. "Mwalimu, kitabu kimekosea kwa kutojua. Wewe unajua."

Akaaga kwa heshima akaondoka. Nimebaki pale barazani na karatasi ya maswali hadi mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

7 Mei

Asubuhi wakati namnyanyua mama nimemuuliza amekasirikia nini. Alishika ukingo wa beseni akakataa kunyanyuka.

"Wewe na mumeo mnanong'ona jikoni mkidhani mimi ni kiziwi," akasema. "Nilisikia yote. Umekula maneno yako kwa ajili ya mama mgonjwa. Mama mwenyewe hukumuuliza."

"Ningekuuliza nini, mama? Kwamba nikuache?"

"Ungeniuliza. Nimevunjika nyonga, sijavunjika ulimi. Ningekwambia sitaki uende. Nataka unione kila siku, na mkono wa mgeni siutaki, hilo sikufichi. Lakini pia ningekwambia sitaki nitumike kufungia watu midomo. Yale mawili ningeyasema yote, halafu ungeamua ukiwa umeyasikia. Sasa nalala hapa kama jiwe walilokufungia mguuni, na jiwe halikuombwa."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Bado nina hasira. Mimina maji, yanapoa."

Nilimimina. Nilikuwa nalia na yeye aliona, akaendelea kujisugua mkono.

13 Mei

Jua. Nimeanika magodoro.

20 Mei

Matokeo yametoka. Swali la tisa, Darasa la Mtihani: sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa hadi ukurasa. Tulikuwa juu, tumeshuka hadi mkiani. Msahihishaji kaambatanisha kikaratasi: "Watahiniwa wote wa shule hii wamekataa swali. Ichunguzwe kama walielekezwa."

Kuelekezwa. Nilisoma neno hilo nikahisi kichwa kinapata moto. Walielekezwa, ndiyo, na mimi, waandike uongo, na walikataa. Sasa hao ndio wachunguzwe. Mbishi kapoteza nafasi yake ya kwanza kwa sababu ya jibu sahihi. Nimemwona amekaa kwenye ngazi na wenzake, hawalii, wanagawana njugu, na mimi ndiye nimeshindwa kula.

Jioni nimemuuliza mama. Nimekaa kitandani kwake nikamwambia yote, kwamba nataka kuandika tena, na kwamba nikiandika huenda wakanipeleka Wekundu kweli.

"Sitaki uende," akasema.

"Najua."

"Andika." Kisha akaongeza: "Wakikupeleka, nami nitabebwa. Nyonga imevunjika hapa, huko kwenye udongo wao itavunjika mara ya pili?"

Mume wangu, mlangoni, kasema basi cherehani nayo ina magurudumu. Ni uongo, haina.

21 Mei

Nimemkuta Mkuu ofisini na karatasi za wanafunzi wetu zimetandazwa meza nzima. Wamemrudishia kwa uchunguzi. Kikaratasi cha msahihishaji alikuwa amekishika kwa ncha za vidole.

"Bi Nyota, nani aliwapa jibu hili?"

"Mimi," nikasema. "Niliwapa mwezi wa tatu, mchana kweupe, ubaoni. Mwezi wa nne nikawaambia waliache, wakanikatalia. Kosa langu liko hapo tu."

Nikaweka barua mbele yake. Kichwa cha habari: "Kosa katika kitabu cha fizikia, na alama za wanafunzi walionyimwa kwa kusema kweli." Neno uhamisho halimo hata mara moja. Mistari nimeandika "imesogea", kila mahali, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Uliambiwa usiandike tena," akasema.

"Niliambiwa."

"Watakuhamisha."

"Huenda. Nimeshaongea nyumbani, safari hii kwa sauti. Wewe isome tu. Yote. Kwa mdomo, nikusikie."

Akasoma. Akasoma vizuri, kwa sauti ya mwalimu wa historia, akapumzika penye nukta. Alipofika mwisho akaishusha akanitazama kwa makini sana.

"Kwa hiyo," akasema, "ule upande unaotukaribia si wa samawati?"

Mungu nipe subira. Nilifungua mdomo kumpasulia, kisha nikaziona karatasi mezani. Nikamwambia asinisikilize mimi, awasome wao. Akaokota moja. Mtoto alikuwa ameandika kuhusu mbiu ya mchunga ng'ombe, jinsi inavyosikika juu kidogo akija na chini kidogo akienda, na ng'ombe ni walewale. Akaokota nyingine. Huyu alichora ukanda na mistari, ya kushoto imesogea huku, ya kulia kule, na katikati kaandika "hapa hamna anayekuja wala kwenda". Akaokota ya tatu, ya nne. Hakuna mbili zilizofanana hata kwa sentensi, kila mmoja kalisema kwa mdomo wake. Nilimwona anaacha kuzisoma kama mchunguzi na kuanza kuzisoma kama mtu anayetaka kujua. Aliuliza maswali mawili, nikajibu. La pili lilikuwa zuri: aliuliza kama kusogea ni kudogo hivyo, watu waligunduaje. Nikamwambia, kwa kutazama sana. Ya mwisho ilikuwa ya Mbishi. Ilianza: "Swali hili si kweli, na naomba radhi kwa aliyelitunga."

Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamwagika nje, wala hakuinuka. Akachukua kitabu rafuni, kilekile alichopigwa picha nacho, akafungua sura ya tisa, akaitazama ile galaksi iliyopakwa rangi, akatazama sifuri nyekundu kwenye karatasi ya Mbishi, akarudi kwenye galaksi. Shingo ikaanza kumvimba.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Na nimekasirika."

Nikamsogezea barua, nikampa kalamu.